Mkono wa Ushirika

Mwanga ulipita pale ambapo haukupaswa kupita.

Adelard aliishusha patasi, akaifuta maji kwa kitambaa, akaiinua tena mbele ya dirisha na kuiegemeza guni kwenye makali yake. Guni ni kile kipimo cha fundi chenye pembe isiyosema uongo. Makali yakiwa ya mraba, yanakutana nayo yote kwa pamoja, hakuna nafasi hata ya kupitisha unywele. Sasa nafasi ilikuwepo. Ilianza nyembamba upande wa kulia, ikaenda ikipanuka mpaka upande wa kushoto, na jua la asubuhi lilikuwa likimchungulia humo. Patasi ilikuwa mshazari, na ilikuwa imetoka kwenye kibano dakika ile ile.

Jambo hilo haliwezekani, na hapo kwenye karakana ya ushirika, Temeke, hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko Adelard. Mashine ya kunolea ilikuwa yake kwa kila kitu isipokuwa jina. Lilikuwa jiwe pana la duara lililozungushwa kwa umeme, nusu yake ikioga ndani ya bakuli la chuma lililojaa maji. Mbele ya jiwe ilipita fimbo ya chuma, na juu ya fimbo kilikaa kibano cha shaba. Unaibana patasi humo, ubavu wake ukigusa ukingo, halafu unakipeleka kibano na kukirudisha, unakipeleka na kukirudisha, mpaka basi. Hata mlevi angetoa makali ya mraba. Adelard alifundishwa kazi hiyo na mapadri kule Peramiho, na maishani mwake hajawahi kunoa kwa mkono mtupu. Wachongaji waliochuchumaa na vinoo vyao mapajani aliwatania kwamba wanasaga mihogo.

Akabana patasi nyingine. Ikatoka mshazari. Akakaza skrubu zote, akapima fimbo, akapima kibano, vyote sawasawa. Akabana ya tatu, nayo ikatoka mshazari. Alipozilaza benchini zikiwa bega kwa bega, akaona kwamba zote zimekatika kwa mlalo mmoja, kana kwamba zimenolewa na mtu mmoja mwenye nia. Mlalo ule aliufahamu. Aliusaga yeye mwenyewe jana yake, kwa mikono yake miwili, mpaka akaumaliza.

Ulikuwa mlalo wa patasi ya marehemu mzee Marijani.

Mzee Marijani alikuwa mchongaji Mmakonde, mtu wa Newala, na kwa mpingo hakuwa na mwenzake. Mkono wake wa kulia ulipinda kifundoni, kiganja kikitazama pembeni kama cha mtu anayekataa salamu. Kwa sababu ya mkono huo patasi yake aliinoa mshazari, kwa kinoo, kwa kukadiria. Kabla ya kukata gogo aliligonga kwa vifundo vya vidole, ko, ko, ko, akasema taratibu, "Hodi." Akatulia kidogo, akatikisa kichwa, ndipo akaanza. Hakuna hata mmoja pale karakanani aliyewahi kumwitikia. Albano, mchongaji mwenzake, aliwaonya wageni wote: "Mkimsikia mzee anabisha, nyamazeni. Si nyie mnaobishiwa."

Alipokufa, Mauwa mjane wake aliifunga ile patasi ndani ya kaniki, akaitundika juu ya kitanda. Ndivyo walivyofanya wachongaji wa kwao: chombo cha marehemu hakiguswi mpaka arobaini ipite, na baada ya hapo wakubwa wanajua cha kufanya. Lakini mwaka ule ulikuwa mwaka wa watu kubomolewa nyumba na kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, mwaka ambao kila kitu kilikuwa chetu. Duka letu, shamba letu, mashine yetu. Mtu akiteleza mkutanoni akasema "nyundo yangu", watu waligeuka kumtazama kama mnyonyaji. Mwenyekiti wa ushirika, ndugu Apolinari, alikuwa mtu mwema aliyependa mambo yaende kama yalivyosemwa redioni, naye akasema zana za mwanachama aliyefariki zirudi kundini. Akaenda mwenyewe kuichukua kaniki. Kisha akaagiza patasi zote za karakana zinolewe kwa namna moja, mraba, ili ndugu yeyote aokote yoyote na kufanya kazi.

Adelard alilipokea agizo hilo kama mtu aliyetangaziwa sikukuu. Akaanza na ya Marijani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote machoni pake.

Ilimchukua asubuhi nzima. Chuma kilikuwa kigumu ajabu, na maji ya bakuli yakageuka meusi kama wino, yakatoa harufu ya mpingo uliopata moto, ingawa hakuna mti uliogusa jiwe lile. Na ile patasi ililia. Kila chuma hulia kikipita kwenye jiwe, hilo halimtishi fundi. Lakini hii ilikuwa ikilia, inanyamaza, inavuta pumzi, halafu inalia tena. Adelard aliisikia ile pumzi. Akajiambia ni mkanda wa mashine umelegea, akaendelea kusaga mpaka guni ikaridhika.

Sasa alisimama na patasi tatu za kombo mbele yake, na ukutani redio ilikuwa ikianza taarifa ya habari ya saa saba. Wenzake waliweka vyombo chini, wakatoka kwenda kula. Albano alimwita mlangoni.

"Twende bwana, samaki wanaisha!"

"Tangulieni. Mie nakuja."

Jua lilikuwa la utosini, lile ambalo kivuli cha mtu kinajificha chini ya nyayo zake. Wazee wa pwani huwazuia watoto wasichezee magofuni saa hiyo, kwa maana si saa ya binadamu peke yao. Adelard hakuwa mtu wa pwani. Alizima mashine, akachomoa waya ukutani ili akifungue kibano kwa usalama, akainama.

Jiwe lilikuwa bado linazunguka.

Alisubiri lisimame. Halikusimama. Lilizunguka polepole, likichota maji meusi na kuyamwaga, na alipotazama vizuri akaona kwamba linazunguka kinyume, kuelekea kwake, na waya umelala sakafuni kama mjusi aliyekufa. Redio ilikuwa imenyamaza. Hakukumbuka imenyamaza saa ngapi. Ile harufu ya mpingo ikapanda, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya jasho la mtu mzee. Kisha kutoka ndani ya sanduku la zana alimoiweka patasi ya Marijani, lililofungwa kwa kufuli, akasikia mtu anagonga kwa vifundo vya vidole.

Ko. Ko. Ko.

Mtu aliyelelewa vizuri akibishiwa hodi, neno la kuitikia humtoka lenyewe. Lilimfika Adelard mpaka kwenye meno. Akaukamata mdomo wake kwa kiganja, akarudi nyuma, akajikuta nje juani, huku kuku wa jirani wakimkodolea macho.

Hakusimulia. Angemsimulia nani? Lakini nyumbani, kwenye chumba walichopanga kule Tabata, mkewe Eufrazia alikuwa na macho. Wakati wa kula alimwona anamega tonge, analipeleka kitoweoni, na tonge linadondoka. Akamega lingine. Likadondoka.

"Baba Anjelina, mkono una nini?"

"Umechoka tu."

"Umechoka au umeteguka? Hebu lete."

Aliushika, akaugeuza kwenye mwanga wa kibatari. Kiganja kilikuwa kimeelekea pembeni. Akajaribu kukirudisha taratibu, kikarudi, akakiachia, kikaenda tena pembeni, bila maumivu yoyote. Eufrazia akainuka kwenda kupasha mafuta ya nazi. Alipotoka tu, Adelard aliichomoa guni mfukoni mwa koti la kazi, akailaza kwenye mkono wake, upande mmoja kando ya mfupa, upande wa pili chini ya vifundo vya vidole, akauinua mbele ya kibatari. Mwanga ukapita. Nafasi ilianza nyembamba upande wa kulia, ikapanuka mpaka kushoto.

Akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu azaliwe. Fundi seremala asiye na mkono wa kulia ni nani? Ni mtu wa kukaa kibarazani kuwaangalia wenzake wakipita kwenda kazini. Mkono ule ndio uliomtoa Songea, ndio uliomwoa Eufrazia, ndio uliokuwa ukimlisha Anjelina aliyebaki kwa bibi yake. Alilala akiwa ameukumbatia kama mtoto mgonjwa.

Kesho yake Albano alipouona, bakuli la uji lilimponyoka.

"Patasi ya mzee umeifanya nini wewe?"

"Nimeinyoosha. Tuliagizwa."

"Yesu wangu!" Albano alimshika bega, sauti ikashuka. "Inuka twende kwa mjane. Sasa hivi, na usiguse mti wowote njiani."

Mauwa alikuwa bado yumo edani, kajifunika kaniki, amekaa ndani ukumbini. Mlangoni walisimama, Adelard akaamkia kwa mbali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sogea nione."

Hakuugusa mkono. Aliutazama tu, machozi yakamlengalenga, na Adelard hakujua kama anamlilia yeye au anamlilia mumewe.

"Nilipoolewa na Marijani," akasema, "mkono wake ulikuwa umenyooka kama ufito. Mlidhani alizaliwa vile? Alikwenda porini kutafuta mpingo, akaukuta mti mzuri, akaukata bila kubisha hodi. Mwenye mti alikuwemo. Akamkamata hapa." Alionyesha kifundo cha mkono wake mwenyewe. "Akamwachia uhai, lakini mkono akauhamia. Mume wangu aliteseka, kila alichochonga kilikwenda kombo, mpaka alipojifunza kuinoa patasi kwa mshazari wa mkono. Hapo kazi ikanyooka, na lile jini likahamia kwenye patasi, likatulia. Miaka yote hiyo limetulia. Arobaini ingepita, ningeizika patasi pamoja na mwenyewe, yakaisha. Nyie mkaja kuichukua."

"Mama, sikujua."

"Hukujua. Lakini umelibomolea nyumba, mwanangu. Linakwenda wapi? Linahamia kwa aliyebomoa."

Mwaka ule kubomolewa nyumba kulieleweka na kila mtu. Adelard aliinamisha kichwa.

"Litoke vipi?" Albano aliuliza.

"Airudishe ilivyokuwa. Saa ile ile ya jua la utosi, kwenye jiwe lile lile. Na kile kibano chenu mkitoe, maana humo kinachonoa ni chuma, si mkono. Ainoe kwa mkono huo huo ulioharibika. Mkono wenyewe unaujua mlalo." Kisha akamtazama Adelard usoni kwa mara ya kwanza. "Litakuuliza. Litasema, mkono huu ni wa nani. Wewe jibu, 'Wangu.' Basi. Usiligawie hata ukucha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa mama."

"Sema."

"Wangu."

"Usilisahau hilo neno," Mauwa alisema, akampa Albano chetezo na ubani.

Siku hiyo hiyo redio iliposema saa saba, watu wakatoka. Albano alichochea makaa, akatupia ubani, akauzungusha moshi pembe zote za karakana, kisha akasimama mlangoni kwa mgongo, kwa kuwa yaliyokuwa yanakuja hakutaka kuyaona. Adelard alifungua skrubu za kibano cha shaba. Kiganja chake cha kushoto kililowa jasho. Alipokiweka kando aliona jiwe limekaa uchi, na akajiona yeye mwenyewe yu uchi, maana hakuwahi kulikaribia bila kibano. Akaichukua patasi ya Marijani. Waya ulikuwa sakafuni, hakuuchomeka. Hapakuwa na haja, kwani jiwe lilikwisha kuanza.

Aliyagusisha makali, yakalia, yakavuta pumzi, yakalia, na mkono uliopinda ukajua njia kama alivyosema Mauwa, ukaegemea upande mmoja bila yeye kuuelekeza, na maji yakawa meusi, na harufu ya mpingo ikamjaa puani mpaka akahisi utamu wake kooni, na moshi wa ubani ukaacha kupanda ukalala sakafuni ukamzunguka miguu, na wakati anasaga akahisi juu ya mkono wake mkono mwingine, baridi, wenye unyevu wa gome la mti baada ya mvua, vidole virefu vikipita katikati ya vidole vyake kimoja kimoja na kukaza, na nyuma ya sikio lake kitu kikaweka kidevu begani pake, kizito, kikitazama kazi kwa makini kama fundi anavyomtazama mwanafunzi, na Adelard akataka kumwita Albano na sauti haikutoka, akataka kuomba Baba Yetu na maneno yakamchanganyikia, na patasi ikazidi kulala, ikazidi, na ule mlalo ukarudi kidogo kidogo, uzi kwa uzi, huku kidevu kikizidi kuwa kizito begani, mpaka sauti isiyo ya mume wala ya mke ikamwuliza kwa upole kabisa, kwa upole uliomtisha kuliko ukali wowote:

"Mkono huu ni wa nani?"

Mtu anaweza kulishika neno moja tangu asubuhi, akalirudia njia nzima, akalibana ulimini. Lakini ulimi wa Adelard ulikuwa na miaka kadhaa ya mikutano. Kila alipoulizwa mali ni ya nani, mbele ya mwenyekiti, mbele ya wageni wa wilaya, mbele ya wenzake wanaomkodolea macho, jibu lilikuwa moja tu, nalo lilimtoka bila kupitia kichwani, kama mtu anavyopiga chafya.

"Wetu," akasema.

Kisha begani, kile kitu kikacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeridhika, na uzito ukaondoka.

Jiwe lilisimama. Redio ikarukia katikati ya sentensi, ikiendelea na bei za pamba. Adelard aliutazama mkono wake: umenyooka. Akaugeuza, akaukunja, akaukunjua. Akaiweka guni, na mwanga haukupita popote. Akalia machozi ya waziwazi kama mtoto, na Albano aliposikia kilio akageuka, akaona, akamkumbatia, wakarukaruka pamoja katikati ya moshi, watu wazima wale.

Wakamrudishia Mauwa patasi, makali yake mshazari kama zamani. Aliikagua, akaifunga ndani ya kaniki.

"Lilikuuliza?"

"Liliuliza."

"Ulisema wangu?"

Adelard alikuwa akiupapasa mkono wake mzima, wenye joto, wenye utiifu. Akili ilimwambia, sema. Lakini kusema ni kurudi kule, kwenye jiwe, kwenye kile kidevu. Na mkono si umepona? Angepona vipi kama jibu lilikuwa baya?

"Ndiyo mama. Nilisema wangu."

"Alhamdulillahi," Mauwa akasema.

Alasiri hiyo Albano na shemeji wa marehemu waliifukia patasi kaburini, kichwani pa Marijani. Ndugu Apolinari alipoambiwa imepotea alinung'unika, kisha akasahau.

Adelard alirudi Tabata jua halijazama. Eufrazia alipouona mkono alipiga vigelegele mpaka wapangaji wenzake wakachungulia. Akaenda kununua sato mkubwa, wa kwao wawili peke yao, akasonga ugali, akamweka mumewe mezani, kwenye ile meza ya mninga aliyoitengeneza mwenyewe walipooana. Kisha akampa mgongo, akainamia jiko kuukaanga upande wa pili wa samaki, huku akiimba.

Ko. Ko. Ko.

Adelard alitazama mlango. Hakukuwa na mtu. Akashusha macho.

Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza, umekunjwa ngumi. Vifundo vya vidole vilikuwa bado vinagusa ubao. Akautaka utulie. Akautaka kwa nguvu zake zote, mpaka jasho likamtiririka mgongoni, na mkono ukainuka taratibu mbele ya macho yake, umenyooka vizuri kabisa, ukagonga tena.

Ko. Ko. Ko.

Alijaribu kufumbua mdomo amzuie mkewe. Lakini Eufrazia alikuwa na furaha, na siku ile angempokea mtu yeyote. Hakugeuka hata kutazama.

"Karibu!" alijibu kwa sauti ya wimbo. "Karibu, pita ndani. Sie ndiyo tunakula."

Mkono ukafunguka. Ukatambaa juu ya mninga mpaka kwenye sahani, ukamega tonge, ukalibonyeza kwa kidole gumba kama mtu mwenye njaa ya siku nyingi, ukalileta mdomoni kwa Adelard na kusubiri afungue.